Jerikani ya Mtihani

Ninyi mliobaki pale gatini mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nawashukuru kwa kunikumbusha kwamba nazeeka. Habari za vyeo na nani alipandishwa lini sitazigusa, kwanza kwa sababu zilikuwa chache, na pili kwa sababu hazitawasaidia siku upepo utakapogeuka mkiwa na wanafunzi wanne ndani ya boti moja. Nitaandika juu ya boti, kamba, marehemu Bwana Ouma, na ile jerikani ya njano iliyo stoo nyuma ya mlango. Hiyo jerikani ndiyo hasa iliyonikalisha mezani.

Mimi ni mtu wa Mbale. Baba alikuwa fundi cherehani karibu na msikiti, akishona kanzu, na maji mengi kuliko yote niliyoyajua utotoni ni yale yaliyoshuka mlimani wakati wa mvua na kutuzuia kuvuka barabara. Nilikuja Jinja nikiwa na miaka ishirini na tisa, nikapanga chumba Nalufenya, nikapata kazi ya kutunza stoo kwenye chuo chetu kidogo cha kufundisha boti za tanga. Siku ya kwanza nilipotazama ziwa nilitafuta upande wa pili, na nilipoukosa nikawaza kurudi kwetu.

Mwalimu wakati huo alikuwa mmoja tu, Bwana Ouma, Mkenya kutoka upande wa Busia, mfupi, mwenye mabega mapana na hasira za karibu. Kisoga chake, lugha ya Jinja, kilikuwa cha kununulia nyanya tu, kwa hiyo alifundisha kwa Kiswahili, na akanitaka mimi kwa sababu nilikijua. Mnajua jinsi watu wetu wa Uganda wanavyokisikia Kiswahili kikitolewa kwa sauti ya amri: wanasikia wanajeshi. Wiki ya kwanza, Ouma alipoanza kupiga kelele za “shusha” na “vuta”, mama mmoja aliyekuwa akifua ufukweni alikusanya nguo zake zikiwa bado na sabuni akaondoka. Tangu hapo wanafunzi walimwita Afande, na alipoondoka yeye jina likanihamia mimi, mtu ambaye hajawahi kushika bunduki.

Aliponiambia nijiunge na kozi nilifikiri nitapewa boti. Nilipewa kiti. Siku mbili nzima nilikaa gatini nikitazama kipande cha uzi mwekundu wa sufu kilichofungwa kwenye kamba ya mlingoti, na kila nusu saa Ouma alikuja kuniuliza upepo unatoka wapi, huku akiwa amenifumba macho kwa kofia yake. Kofia ile ilinuka samaki. Siku ya tatu nikaanza kuujua upepo kwa shingo na masikio, na hadi leo nikiingia msikitini najua dirisha gani liko wazi kabla sijavua viatu. Jifunzeni hivyo, msitegemee simu zenu.

Kozi ilikuwa wiki sita. Vifaa vyangu vilikuwa vitatu na havikuongezeka sana baadaye: kisu chenye kamba shingoni, kipande cha godoro cha kunyonyea maji yaliyoingia ndani ya boti, na huo uzi mwekundu. Mtihani wa vitendo mnaujua, haujabadilika. Unatoka gatini kwa tanga bila kugonga kitu, unazunguka maboya mawili, unapanda kinyume cha upepo kwa kukata kulia na kushoto, unarudi. Katikati ya hayo yote, wakati usioujua, mtahini anatupa jerikani majini na kupiga kelele kwamba mtu ameanguka. Unakwenda kumchukua. Hapo ndipo wengi wanapoangukia.

Jerikani yake Ouma aliiita Mgeni. Aliijaza maji robo tatu, akaivisha ovaroli kuukuu la gereji, akafunga mikono na miguu ya ovaroli kwa kamba ili lisitoke. Ndani ya maji ilizama karibu yote, ikabaki shingo tu, na upepo haukuisogeza. Kuiingiza botini kulihitaji mikono miwili na magoti, na ulilowa mpaka kifuani. Mara yangu ya kwanza niliiendea kwa kasi, nikapita juu yake, tukasikia ikigonga chini ya boti kuanzia mbele mpaka nyuma. Ouma hakupiga kelele siku hiyo. Aliniambia nimemuua Mgeni, kwa hiyo niende nyumbani, nikirudi kesho nije na maelezo ya kumpa mjane. Nilicheka, yeye hakucheka.

Kesho yake nikakosea kinyume chake. Nilisimamisha boti mbali kidogo, upande ambao upepo unaelekea, nikaachia tanga na kusubiri, nikidhani Mgeni ataletwa na upepo. Mgeni alibaki pale pale. Mimi ndiye niliyekuwa nikisukumwa mbali naye, polepole, huku nimenyoosha mkono. Ouma alisogeza boti yake ya akiba karibu na yangu, akasema maneno niliyoyarudia kwa wanafunzi kwa zaidi ya miaka ishirini.

“Mtu hakuji kwako, Swaibu. Mtu ni mzito, amejaa maji. Boti ndio inakimbia. Wewe ndio unaenda kwake mpaka umshike.”

Nilifaulu mara ya tatu. Cheti kiliandikwa kwa kalamu iliyokuwa ikiisha wino, na jina langu halisomeki.

Miaka iliyofuata nilikuwa msaidizi wake, kisha mwalimu. Nilifundisha watu wa kila aina. Kulikuwa na dereva wa trela, Mkenya, aliyekuwa na likizo ndefu kwa sababu gari lake lilikuwa gereji, akataka kujifunza. Mnajua usukani wetu ni mti unaousukuma kushoto ili boti iende kulia. Bwana yule alikuwa ameshika usukani wa gari miaka kumi na minane na mikono yake haikukubali kuanza upya. Kila alipoona gati linakuja alikanyaga sakafu ya boti kwa nguvu zake zote. Alivunja ubao mmoja. Baadaye alikuwa mmoja wa wanafunzi wetu bora, kwa sababu mtu aliyewahi kushuka mteremko na mzigo haogopi kwa urahisi, lakini ule ubao bado una msumari wangu.

Ouma aliugua kifua akarudi kwao, na baada ya miezi michache tukaletewa habari ya msiba. Nilikwenda kumzika. Kabla hajaondoka alinikabidhi kofia, ambayo sikuivaa kamwe, na Mgeni. Aliniambia ovaroli libadilishwe likichakaa, ila maji yasipunguzwe. Nilimjibu kwamba nimesikia.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka. Miaka saba iliyopita mgongo wangu uligoma. Daktari alinikataza kuinua vitu vizito. Siku ya mtihani mtahini humtupa Mgeni na kumvuta tena ndani ya boti ya akiba mara tatu kwa kila mwanafunzi, na wanafunzi huwa sita au saba. Ningeweza kumwomba mmoja wenu aniinulie. Wengine mlikuwa vijana wenye nguvu, mmekaa gatini mnakula karanga. Sikuomba. Niliona mtahini anayesaidiwa kuinua jerikani ni mtahini anayehesabiwa siku za kubaki kazini, na mimi sikuwa tayari kuhesabiwa. Asubuhi moja nikaingia stoo mapema, nikamwaga maji yote, nikavua ovaroli, nikafunga kifuniko. Nilijiambia ni kwa mtihani huo mmoja, mpaka mgongo utulie.

Siku ile wote walifaulu. Mkuu wa chuo alinipongeza. Mtihani uliofuata, miezi sita baadaye, wakafaulu tena wote isipokuwa mmoja, na huyo alikuwa amegonga gati. Nilipaswa kujiuliza kitu. Jerikani tupu hukaa juu ya maji na upepo huibeba. Mwanafunzi akisimama mbali upande wa chini ya upepo akaachia tanga, jerikani inamjia yenyewe mpaka inagonga ubavu wa boti, anaiokota kwa mkono mmoja. Kosa lile lile lililoniangusha mimi mbele ya Ouma lilikuwa sasa ndiyo njia ya kufaulu. Niliyaona hayo kwa macho yangu, mtihani baada ya mtihani, na nikaandika “vizuri sana”. Mdomoni bado nilikuwa nikisema mtu hakuji kwako. Lakini wanafunzi hujifunza kwa kinachowafaulisha.

Ndipo alipokuja kwa mara ya tatu Hamza. Baba yake alikuwa na duka la jumla Mbale, na nyumbani kwao ni Nakaloke, nje kidogo ya mji, na nilimjua mzee huyo tangu enzi za cherehani ya baba. Hamza alikuwa na miaka thelathini hivi, mpole, mwenye haraka ya kazi. Alinunua boti ya tanga ili apeleke sabuni, chumvi na unga visiwani, yeye na mdogo wake Yasini, na wenye gati hawakumruhusu kupakia mzigo bila cheti. Mara mbili nilikuwa nimemwangusha kwa jerikani nzito. Mara hii ya tatu alisimama chini ya upepo, akaachia tanga, akangoja, na jerikani ikamjia. Aliinyanyua juu ya kichwa kwa mkono mmoja. Yasini alikuwa gatini akapiga makofi na kusema sasa kaka yake ni nahodha. Nilitia sahihi cheti kile kwa furaha ya kweli, ndiyo maana siwezi kukisahau.

Haikupita mwaka. Walikuwa wanarudi kutoka kisiwani mchana, upepo wa saa nane umeanza kuchafuka. Mti wa chini wa tanga ulihama ghafla ukampiga Yasini begani, akaanguka. Jaketi lake la kuokolea hakuwa amelivaa, alikuwa amelikalia, kama mnavyowaona wengi wakifanya. Hamza hakupoteza akili. Alisogea mbali, akageuza, akarudi, akasimamisha boti hatua kumi kutoka kwa mdogo wake, upande wa chini ya upepo, tanga limeachiwa, kila kitu safi kama siku ya mtihani. Akamngoja. Alipoona nafasi inaongezeka alimrushia jaketi, lakini lilikuwa jepesi, na upepo ukalirudisha kwenye boti. Yasini hakuwa mwogeleaji. Mpaka Hamza alipovuta tanga, akashika mwendo na kugeuza tena, hapakuwa na mtu pale. Alipatikana siku ya tatu.

Nilikwenda Nakaloke kwenye msiba. Hamza alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imekunjwa, akaniona akainuka, akanishika mikono yote miwili.

“Mwalimu, mimi nilifanya yote,” alisema. “Nilisimama pale pale, nikaachia tanga, nikamungoja. Yeye alikuwa ananiangalia. Hakukuja. Mimi nilisahau nini?”

Nikamwambia ni mapenzi ya Mungu. Maneno hayo ni ya kweli na nayaamini, lakini siku ile niliyatumia kujificha nyuma yake. Nilijua alichouliza na nilijua jibu lake. Watu walikuwa wamejaa uani, baba yake alikuwa pembeni akivuta tasbihi, na mimi nilikuwa mtu wa kuheshimiwa niliyetoka Jinja kuja kuwapa pole wafiwa. Nilikula pilau ya msiba nikaondoka.

Kesho yake asubuhi nilijaza jerikani robo tatu, nikaivisha ovaroli. Baadhi yenu mtakumbuka mliniuliza kwa nini imekuwa nzito tena, nikawajibu kwamba wanafunzi wa siku hizi wamezidi kudeka. Mkacheka. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nikiwaita ninyi muinue. Lile jambo nililoona aibu kuliomba, niliomba kwa wepesi kabisa, na hakuna aliyenihesabia siku.

Hamza aliuza boti, akafungua kibanda cha maharagwe sokoni Nakaloke. Nilisikia kwa watu kwamba jamaa zake wanasema alimtazama ndugu yake akifa. Nilisikia kwamba mama yake aliacha kumwita kwa jina, anamwita “wewe”. Kila nilipokwenda Mbale kusalimia nilipita njia nyingine. Hivyo ikawa miaka mitano. Nawaambia bila kuzunguka: niliogopa, na kila mwaka uliopita uliongeza kitu kimoja zaidi cha kueleza.

Nilipostaafu mwaka huu mlinipa saa ya ukutani na hotuba. Mmoja wenu alisema kwamba katika miaka yangu yote hakuna mwanafunzi wa Afande Swaibu aliyefaulu bila kustahili. Nilikaa nikitazama soda yangu. Wiki iliyofuata nikapanda gari kwenda Nakaloke.

Hamza alikuwa akipima maharagwe. Amekonda, ndevu zimeanza mvi. Alinipa kiti akaendelea na wateja, nami nikangoja mpaka wakaisha. Kisha nikamweleza yote, mgongo, maji, ovaroli, na kwamba hakusahau kitu. Mimi ndiye niliyemfundisha vibaya na kumpa cheti juu ya hilo. Alinitaka nirudie habari ya maji. Nikarudia.

“Mama alikufa mwaka jana,” alisema. “Hakujua hiyo.”

Alichota maharagwe kwa kiganja, akayarudisha kwenye gunia. Nilitegemea anitukane, na nadhani nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya hilo, nitukanwe nirudi mwepesi. Hakunipa.

“Wengine walipita na hiyo jerikani bila maji, ni wangapi?” aliuliza.

“Sijui.”

“Wako kwa maji saa hii?”

“Wengi wao wako.”

“Basi wewe unakaa hapa kwangu unafanya nini?”

Nilirudi Jinja siku ile ile. Katika daftari la mitihani nilikuta kumi na saba, mbali na yeye. Mliona nikija ofisini kila asubuhi kutumia simu, mkadhani mzee ameshindwa kukaa nyumbani. Niliwaambia ni utaratibu mpya wa kurudia mtihani, nanyi mkanisaidia kila Jumamosi bila kuuliza. Sasa mnajua utaratibu ule ulitoka wapi. Nimewapata kumi na watano. Wengine walikasirika kuitwa, mmoja alinikatia simu mara nne, mwingine alikuja na mkewe kama shahidi. Kati yao tisa walisimama chini ya upepo, wakaachia tanga, wakamngoja Mgeni. Mliwaona. Nilikuwa nikiwatazama wamenyoosha mikono na nilishindwa hata kuwapigia kelele. Tuliwarudisha majini mpaka kila mmoja akamshika.

Wawili bado. Mmoja anasemekana anavusha abiria upande wa Tanzania, mwingine simu yake imezimwa tangu mwaka juzi. Majina yao yako ndani ya jalada la daftari. Wakipatikana baada yangu, waiteni, wajaribuni, na msiwaonee haya.

Jumamosi iliyopita, tulipokuwa tunafunga, Hamza alishuka kwenye bodaboda pale getini. Mimi sikuwa nimemwita. Aliomba boti namba tatu, na aliomba mtihani. Ninyi wawili mliokuwapo mliinua jerikani mkaitupa, nami nilikuwa kwenye boti ya akiba. Miaka mitano hakuwa amegusa usukani. Alisogea mbali, akageuza, akarudi akipanda polepole mpaka ubavu wa boti ukagusa ovaroli, akaachia tanga, akainama, akalishika kwa mikono miwili. Halafu hakulivuta ndani. Alibaki ameinama, amelishikilia, tanga likipigapiga juu yake. Kanuni inasema mtu aingizwe botini. Sikumkumbusha, nanyi nashukuru hamkumkumbusha.

Alipofika gatini alikuwa amelowa mpaka kifuani. Nilimwambia amefaulu, na nitamwandikia cheti kingine. Akasema hakitaki.

“Ilibaki hatua kumi tu, Mwalimu,” alisema.

Alikamua shati lake, akaomba maji ya kunawa, akaswali Alasiri pale kwenye nyasi. Kisha, kabla ya kwenda stendi, aliingia stoo peke yake. Nilikuwa mlangoni na sikumfuata. Nilimsikia akiishika jerikani na kuitikisa, asikie kama ina maji.